Tulitembea Wawili Katika Miji ya Uingereza

Wazee wetu walituachia neno fupi: Tembea uone. Lakini si kila atembeaye anaona. Wako wanaokwenda mbali, wakarudi na picha mia tano katika simu, na ukiwauliza wameona nini, wanakujibu: «Majumba marefu na magari mengi.» Tena wako wengine waliokaa miaka mingi katika mji wa wageni, wala hawajautazama hata siku moja. Habari nitakayowaeleza hapa ni ya mtu mmoja wa namna hiyo, na ya safari tuliyoifanya pamoja, yeye nami, mwezi wa Septemba mwaka 2023.

Rafiki yangu huyu ni mtu wa Kasongo kama mimi. Tulikaa benchi moja shuleni, tukatumikia Misa pamoja, tukachapwa pamoja kwa kuiba maembe ya mwalimu. Baadaye mimi nikawa mwalimu, yeye akajifunza kazi ya uashi. Vita vilipoharibu nchi yetu ya Maniema, alikimbia pamoja na watu wengine, na baada ya miaka mingi ya njia na ya kambi akafika Manchester, mji mkubwa wa kaskazini ya Uingereza. Nilipomfikia alikuwa amekwisha kaa huko miaka 11. Anajenga nyumba za watu siku 6 kila juma. Ana mke wa kwetu na watoto 2 waliozaliwa kule kule.

Jioni ya kwanza nikamwambia: «Ndugu, kesho unitembeze mji wako.» Akacheka kidogo, akasema: «Yaya, mji huu si wangu, wala siujui. Najua njia ya kazi, njia ya soko na njia ya kanisa. Basi.» Nikadhani ananifanyia mzaha. Lakini alipokwenda kulala, mke wake akanieleza neno lote.

Mwaka 2016 mama yake rafiki yangu alikufa Kasongo. Wakati ule karatasi zake za kukaa Uingereza zilikuwa hazijakwisha. Kama angetoka, asingeweza kurudi kwa mke wake na mtoto mchanga. Basi alimzika mama yake kwa simu, amesimama jikoni, anasikia vilio vya watu na sauti ya padri, kisha simu ikakatika. Hakulia. Kesho yake akaenda kazini. «Tangu siku ile, shemeji,» mke wake akasema, «anakaa hapa kama mtu anayengoja gari la moshi kwenye stesheni. Hafungui mzigo wake. Hataki kutazama kitu cha nchi hii, wala kuzungumza habari za nchi ile. Juzi mtoto wetu mkubwa alimwuliza: Papa, sisi ni watu wa wapi? Akavaa koti, akatoka nje.»

Usiku ule sikulala upesi. Nilikuwa na siku 12 tu mbele yangu. Nikakusudia nisizimalize juu ya kiti. Asubuhi nikamwambia: «Mimi ni mgeni wako. Mgeni akiomba kutembezwa, hanyimwi.» Kwa heshima ya neno hilo aliomba siku 8 za mapumziko kazini, akapewa.

Tulianzia pale pale Manchester. Katikati ya mji, katika kiwanja kidogo chenye maduka pande zote, imesimama sanamu ya Abraham Lincoln, aliyekuwa rais wa Marekani. Rafiki yangu alipita hapo mara nyingi, amebeba chakula chake cha mchana, asiulize Mmarekani huyo anafanya nini pale. Nikamsomea maneno yaliyochongwa chini ya sanamu, na kumweleza habari zake.

Zamani zile Manchester na vijiji vyake viliishi kwa kufuma pamba, na pamba hiyo ililimwa na watumwa weusi wa Amerika. Mwaka 1861 vita vikatokea kule Marekani. Merikebu za kaskazini zikafunga bandari za kusini, pamba ikakosekana, viwanda vikafungwa, na watu wa Manchester wakaona njaa. Wangeweza kusema: «Vita hivi si vyetu, tupeni pamba yetu.» Lakini tarehe 31 Desemba 1862 wafanyakazi walikusanyika katika nyumba kubwa ya mikutano, wakamwandikia Lincoln kwamba wako upande wake katika kuondoa utumwa. Naye akawajibu tarehe 19 Januari 1863, akiwashukuru na kuwasifu kwa saburi yao. Sehemu ya jibu lake ndiyo iliyochongwa pale.

Rafiki yangu akaweka mkono juu ya jiwe, kama waashi wafanyavyo, akitafuta mahali lilipoungwa. Akauliza: «Hawa walikuwa watu wa kazi ya mikono kama mimi?» Nikajibu: «Ndiyo.» «Na njaa ilikuwa nyumbani mwao?» «Ndiyo.» Akanyamaza muda. Kisha akasema: «Miaka 11 nilidhani jiwe hili ni la matajiri.» Tulipofika nyumbani ni yeye aliyeuliza: «Kesho twende wapi?»

Kesho yake tukapanda gari la moshi kwenda Liverpool. Njia hiyo ya chuma ilifunguliwa mwaka 1830, nayo ilikuwa ya kwanza duniani kuunganisha miji miwili mikubwa kwa magari ya mvuke. Safari haifiki hata saa moja. Liverpool ni mji wa bandari, juu ya mto Mersey, karibu na bahari. Mto ule ni mpana na maji yake ni ya rangi ya udongo. Mtu wa Lualaba akiuona, anasimama kidogo.

Wasomaji wapenzi, majumba ya Liverpool ni mazuri kweli, lakini msingi wa mali yake una uchungu. Merikebu zilizotoka katika bandari ile zilichukua Waafrika kama milioni 1 na nusu, zikawapeleka utumwani ng'ambo ya bahari, mpaka sheria ya Waingereza ilipokataza biashara hiyo mwaka 1807. Juu ya kuta za nyumba ya baraza la mji wamechonga vichwa vya Waafrika na vya tembo, kama mtu anavyochora dukani picha za vitu anavyouza. Karibu na maji kulikuwa na nyumba ya makumbusho ya utumwa, iliyofunguliwa mwaka 2007. Tukaingia. Tukaona minyororo na habari za merikebu. Rafiki yangu hakufika mwisho. Nilimkuta nje, ameketi mbele ya mto.

Akaniambia: «Yaya, sasa unaona kwa nini sikutaka kutazama. Mtu akichimba hapa, anakuta mifupa yetu.» Nikaketi karibu naye, nisimjibu. Kuna maneno ambayo mtu akiyajibu upesi anayaharibu.

Saa za mchana tukapanda mlima mdogo ndani ya mji, tukafika katika njia moja iitwayo Hope Street, maana yake kama tungesema Njia ya Matumaini. Njia hiyo ina kanisa kubwa kila upande. Upande mmoja kuna katedrale yetu ya Wakatoliki, iliyowekwa wakfu mwaka 1967. Ni mviringo, na paa lake limeinuka kama hema, na juu yake mnara wenye vioo vya rangi. Ukiingia, altare iko katikati na watu wanaizunguka pande zote, kama watoto wanavyozunguka moto wa jioni. Upande wa pili kuna katedrale ya Waanglikani, ya mawe mekundu, kubwa ajabu. Na mtu aliyeichora katedrale hiyo ya Waanglikani, Giles Gilbert Scott, alikuwa Mkatoliki. Walimchagua mwaka 1903, naye alikuwa kijana wa miaka 22 tu.

Hapo ndipo rafiki yangu alipokuwa mwalimu na mimi mwanafunzi. Mimi naliona ukuta tu. Yeye akanionyesha jinsi mawe yalivyopangwa, na jinsi uzito wa paa unavyoshuka mpaka chini bila kuipasua nyumba. Nilipomweleza kwamba kazi ilianza mwaka 1904 ikamalizika mwaka 1978, na kwamba Scott mwenyewe alikufa mwaka 1960 asiuone mwisho wake, akatikisa kichwa. «Miaka 74,» akasema. «Basi mwashi aliyeweka jiwe la kwanza alijua vizuri kwamba hataliona la mwisho. Na bado aliliweka sawa.»

Kati ya makanisa hayo mawili, katika njia ile ile, iko nyumba ya muziki iitwayo Philharmonic Hall. Nyumba iliyoko sasa ilifunguliwa mwaka 1939, kwa maana ile ya kwanza iliungua mwaka 1933. Nilikuwa nimeiweka mwisho kwa makusudi. Nikamwambia: «Ndugu, mahali hapa watu walikusanyika kwa ajili yetu sisi Wakongo.»

Maana Liverpool ndiko alikokaa E. D. Morel, karani katika kampuni ya merikebu zilizofanya biashara na Kongo ya Mfalme Leopold II. Kazi yake ilimpeleka mara kwa mara katika bandari ya Antwerp, Ubelgiji. Akaangalia vitabu vya hesabu na mizigo. Merikebu zilikuja kutoka Kongo zimejaa mpira na pembe za tembo. Zilirudi Kongo na bunduki na risasi. Bidhaa za kuwalipa watu hazikuwamo. Akajiuliza: ikiwa hakuna malipo, watu wanafanya kazi kwa nini? Jibu lilikuwa moja tu: wanalazimishwa. Akaacha kazi yake, akaanza kuandika. Mwaka 1903 Roger Casement, konsuli wa Uingereza, alisafiri katika nchi za mpira, akasikiliza watu, na mwaka 1904 ripoti yake ikachapwa. Na tarehe 23 Machi 1904 watu zaidi ya elfu moja walikuja hapa, katika nyumba ile ya kwanza, kuanzisha chama cha kudai Wakongo watendewe haki. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachilia Kongo mikononi mwa serikali ya Ubelgiji. Taabu zetu hazikuisha siku hiyo, lakini ufalme ule wa mtu mmoja ulikwisha.

Nikamwambia tena: «Usidhani ni wazungu peke yao walioifanya kazi hii. Casement angeandika nini, kama wanakijiji wasingethubutu kumwambia? Yuko baba mmoja, Nsala, aliyeketi mbele ya mkono na mguu wa mtoto wake mdogo, akamruhusu Alice Harris, mke wa mmisionari, apige picha. Picha za namna ile zilionyeshwa katika kumbi za Uingereza. Nsala hakufika Liverpool, lakini huzuni yake ilifika.»

Rafiki yangu akatazama mlango wa nyumba ile muda mrefu. Kisha akasema neno ninalolikumbuka mpaka leo: «Kumbe mji mmoja unaweza kuwa na mikono miwili.»

Siku ya tatu hatukwenda katika mji mkubwa. Tulipitia Chester, tukafuata njia ya chuma inayokwenda kando ya bahari mpaka Colwyn Bay, katika nchi ya Wales. Hapo inafaa niwaeleze: sisi tunakiita kisiwa chote Uingereza, lakini wenyewe wanahesabu nchi tatu, yaani Uingereza, Uskoti na Wales, na mtu wa Wales hapendi kuitwa Mwingereza. Huko Colwyn Bay alikaa mmisionari Mprotestanti, William Hughes, aliyekuwa amefanya kazi Kongo. Mwaka 1885 alirudi kwao pamoja na vijana wawili Wakongo, jina lao Kinkasa na Nkanza. Halafu akafungua chuo cha kuwafundisha vijana wa Afrika kazi za mikono na elimu nyingine, ili warudi kufundisha wenzao. Chuo hicho kilifungwa mwaka 1912. Lakini Kinkasa na Nkanza hawakurudi. Mmoja alikufa mwaka 1888, mwingine mwaka 1892, wote wawili vijana bado. Walizikwa katika makaburi ya Old Colwyn.

Tukauliza njia kwa mama mmoja mzee aliyekuwa akitembea na mbwa wake. Akatuongoza mwenyewe mpaka mlangoni, kisha akatuacha kwa adabu. Upepo wa bahari ulikuwa mkali. Tulisimama mbele ya majina yale mawili ya kwetu katikati ya majina ya Wales, nasi hatukuwa na maua wala mshumaa. Nikaanza Baba Yetu kwa Kiswahili. Rafiki yangu akaitikia mpaka nusu, sauti yake ikakatika. Akapiga magoti juu ya majani yenye maji, akalia kwa sauti kubwa, kama watu wanavyolia kwetu, bila kujizuia. Akasema: «Mama zao hawakuwaona wakizikwa. Nami sikumwona mama yangu akizikwa.» Na tena: «Mama, mama.»

Nikamwacha alie. Miaka 7 chozi lile lilikuwa limengoja mahali pa kuangukia. Aliwalilia watoto wa watu, akamlilia mama yake. Alipoinuka akasafisha kaburi kwa mkono, akang'oa majani mabaya, akagonga jiwe kwa kidole kusikiliza kama limelegea. «Limesimama vizuri,» akasema. «Mtu aliyelisimamisha alijua kazi.»

Kutoka pale tukapanda kaskazini mpaka Glasgow, mji wa Uskoti, na kesho yake tukashuka kwenye stesheni ya Blantyre, karibu nayo. Hapo ndipo alipozaliwa David Livingstone, tarehe 19 Machi 1813. Nyumba ingaliko, ni makumbusho sasa. Watu wa nyumba yao wote walikaa katika chumba kimoja. Alipokuwa na miaka 10 aliingia kazini katika kiwanda cha pamba, tangu saa 12 ya asubuhi mpaka saa 2 ya usiku, kisha akaenda shule ya usiku. Na pamba ile aliyoifanyia kazi ilitoka ng'ambo, imelimwa kwa jasho la watumwa. Mtoto aliyefanya kazi juu ya pamba ya watumwa akaja kuwa mtu mzima wa kupiga vita biashara ya watumwa.

Nikamwuliza rafiki yangu: «Mama yako alizaliwa wapi?» Akajibu: «Unajua vizuri. Nyangwe.» Nikamwambia: «Livingstone alikuwa Nyangwe.» Akastaajabu. Sisi watu wa Kasongo tunapita Nyangwe kama tunavyopita shamba la jirani, tusijue. Livingstone alifika Nyangwe mwaka 1871. Karatasi zilikuwa zimemwishia, akaandika juu ya gazeti kuukuu, kwa wino wa maji ya matunda. Tarehe 15 Julai mwaka ule aliona kwa macho yake watu wa wafanya biashara ya utumwa wakiwapiga bunduki wanawake waliojaa sokoni. Mamia walikufa, wengi walizama katika Lualaba wakikimbilia mitumbwi. Habari hiyo ilipofika Uingereza, watu walikasirika sana, na mwaka 1873 Sultani wa Zanzibar akalazimishwa kufunga soko lake la watumwa. Karatasi zile za gazeti zimehifadhiwa. Wino ulikuwa umefifia, lakini wataalamu walitumia mianga ya namna namna, na tangu mwaka 2011 maneno yake yanasomeka tena.

Rafiki yangu akasema polepole: «Wanawake wale wa sokoni walikuwa mabibi za mama yangu. Yaya, nimekuja mpaka mwisho wa dunia, na hapa nasikia habari za kijiji cha mama.»

Tulipita Edinburgh siku moja tu. Ngome yake imejengwa juu ya mwamba, na rafiki yangu hakutaka kuondoka, akitazama jinsi ukuta na mwamba vilivyoungana hata mtu asijue ni wapi Mungu aliachia na mwashi akaanzia. Huko pia, katika bustani za Princes Street, kuna sanamu ya Livingstone, iliyochongwa na mwanamke, Amelia Hill. Kisha tukapanda gari la moshi la London.

Mengi yanaweza kuandikwa juu ya London: daraja zake, mto wake, na watu wake wasiosalimiana. Mimi nitawaeleza mahali pamoja tu, kanisa la Westminster Abbey, ambamo wafalme wa Uingereza wanavikwa taji. Ndani yake sakafu yote ni makaburi ya watu wakubwa. Katikati kuna jiwe la Livingstone. Limeandikwa kwamba alichukuliwa na mikono aminifu, juu ya nchi kavu na bahari, mpaka hapo.

Mikono hiyo ilikuwa ya nani? Livingstone alikufa mwezi wa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, wangeweza kumzika pale na kwenda zao. Walizika moyo wake chini ya mti. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani, wakaufunga kwa nguo na maganda ya mti, wakauchukua mabegani miezi 9 mpaka Bagamoyo, kwenye misioni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu. Wengine walikufa njiani. Hakuna aliyewalazimisha, wala hakuna aliyewaahidi kitu. Tarehe 18 Aprili 1874 alizikwa London, na mmoja wa wapagazi wale, Jacob Wainwright, alikuwa kati ya waliolishika jeneza. Susi na Chuma waliitwa Uingereza baadaye, mazishi yalipokwisha pita. Majina yao wachache wanayajua. Ya wenzao wengi, karibu hakuna mtu anayeyakumbuka.

Rafiki yangu akalitazama jiwe, na miguu ya watalii ikipita juu yake. Akasema: «Mwili huku, moyo kule. Huyu walimgawa alipokufa. Mimi nimejigawa ningali hai.»

Karibu na mlango mkubwa kuna kaburi jingine, limezungukwa na maua mekundu. Ni la askari mmoja aliyekufa katika vita vya 1914–1918, akazikwa hapo tarehe 11 Novemba 1920. Jina lake halijulikani. Kati ya makaburi yote ya sakafu ile, hilo peke yake ndilo lisilokanyagwa na mtu. Hata wafalme wanalizunguka. Nikamwonyesha. Akalizunguka naye, kofia mkononi, akasema: «Basi watu hawa wanajua kumheshimu mtu asiye na jina. Wangetafuta na mpagazi mmoja wa kumlaza karibu naye.»

Tulirudi Manchester kwa gari la jioni. Njiani aliniomba daftari langu na kalamu. Nikadhani anataka kuandika majina ya miji. Kumbe alikuwa anachora. Alichora kaburi, urefu na upana kwa sentimeta, kina cha msingi, mifuko ya simenti, nondo, na msalaba juu yake, na mahali pa kuandika jina la mama yake na mahali alipozaliwa, Nyangwe. Alipomaliza akaikata ile karatasi, akanipa pamoja na fedha, akasema: «Yaya, mimi siwezi kwenda sasa. Wewe uwe mchukuzi wangu.» Nikaikunja, nikaitia katika kitabu changu cha sala.

Jumapili ya mwisho, katika parokia yao, Misa iliombewa mama yake, nao Wakongo wa pale waliimba nyimbo za kwetu. Watoto walikaa kati yake na mkewe. Baada ya Misa yule mkubwa akaleta tena swali lake. Safari hii baba hakuvaa koti. Alimwambia: «Ninyi ni watoto wa mama wa Nyangwe, na ni watoto wa mji huu. Juma lijalo nitawapeleka mahali panapoitwa Hope Street, niwaonyeshe.»

Nami nilirudi. Mwezi wa Desemba 2023 tulimaliza kaburi lile Kasongo, sawasawa na vipimo vya karatasi ile. Fundi wetu alisema aliyechora anajua kazi. Nikapiga picha, nikaituma. Jibu lake lilikuwa fupi: «Jiwe la kushoto mlilegeze, mliweke tena.» Tukalegeza, tukaliweka tena. Kweli lilikuwa limeinama.

Ndugu wasomaji, wengi wetu tuna mtoto, kaka au dada ng'ambo. Tunampigia simu, tunamweleza magonjwa yetu na karo za shule, tunangoja fedha. Fedha ni msaada, na anayetuma amevumilia mengi. Lakini mtu anaweza kutuma fedha kila mwezi, na moyo wake umekaa stesheni, juu ya mzigo usiofunguliwa. Basi mkimpigia simu safari ijayo, kabla ya kumwambia neno la fedha, mwulizeni kwanza: «Ndugu, umeona nini huko? Tueleze.» Kisha mwacheni aeleze mpaka amalize.